Familia ya wamisionari toka Marekani inahamia Njombe: tuwaandalie nini, tuwafundishe nini?

Mjumbe wa Mapokezi
Wakuu, habari za jioni. Usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Njombe unapokea familia ya wamisionari toka Minnesota. Baba, mama, binti wa miaka 11 na kijana wa miaka 6. Wanakuja kwa miaka minne na watafika mwishoni mwa Mei. Nyumba ipo: matofali ya kuchoma, bati, vyumba vitatu, haina dari. Mama ni muuguzi kwao. Kamati imeshagawana kazi ya pilau, mapambo na kwaya, ila baada ya pilau watu hawa wataishi vipi, hapo kila mtu kimya. Naomba mambo ya uhakika, siyo "Mungu atafungua njia".

Nyanda za Juu
Anzeni na dari. Kila mtu hudhani mtu wa Minnesota hawezi kusumbuliwa na baridi ya Njombe kwa sababu kwao kuna theluji. Theluji yao iko nje. Ndani wana mtambo wa joto unaowaka miezi sita mfululizo, wanakaa na fulana. Hapa mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10, na nyumba ya bati bila dari ndani ni sawasawa na nje. Mmewapangia kufika kwenye mlango wa baridi kabisa.

Dari ya mbao au jipsamu, zibeni upenyo kati ya ukuta na bati, wekeni mpira chini ya milango. Blanketi nzito mbili kwa kila kitanda. Na waandikieni mapema wabebe masweta, maana picha za Tanzania wanazoziona ni za jua na twiga, wanakuja na kaptula.

Jambo la pili ni la kufa na kupona: mkaa. Mtu akishikwa na baridi, jirani mwema atamwambia aingize jiko la mkaa chumbani. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, unalala huamki. Kwao kila nyumba ina kengele ya kugundua hewa hiyo, kwa hiyo waambieni wabebe mbili, zile za betri, moja ya sebuleni na moja ya korido ya vyumba vya kulala. Kama mna fedha, jengeni sehemu ya kuotea moto yenye bomba la moshi linalopita juu ya paa.

Karani wa Vibali
Mkuu, dari iendelee lakini makaratasi yatangulie. Watu wengi huchanganya herufi hapa. Vibali ni viwili, na vinatoka ofisi mbili:

Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kwa shughuli za dini na hisani zilizosajiliwa ni Daraja D.
Kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji. Kwa mmisionari ni Daraja C.

Ukijaza C kwa Kamishna wa Kazi kwa sababu "mmisionari ni C", ombi linarudi na umepoteza wiki kadhaa. Mwombaji ni taasisi, si mtu binafsi, kwa hiyo dayosisi iandae cheti cha usajili, barua ya maombi inayoeleza kazi hasa atakayofanya, mkataba, vyeti vya elimu na wasifu wake. "Kusaidia kazi ya Mungu" siyo maelezo ya kazi. Andikeni kwamba atafundisha nini, chuo gani, kwa muda gani, na kwa nini nafasi hiyo haijajazwa na Mtanzania.

Asiingie na viza ya matembezi akaanza kazi "huku tunasubiri". Viza ya matembezi hairuhusu kazi, hata ya kujitolea bila malipo. Hapo ndipo familia nyingi huanza na faini.

Halafu njia ya ndege. Wakipitia nchi yenye homa ya manjano, mfano Kenya au Ethiopia, wakakaa uwanjani zaidi ya saa 12, watadaiwa cheti cha chanjo wakifika. Ama wachanje mapema, ama wachague ndege yenye kusubiri kufupi.

Mjumbe wa Mapokezi
Asante Karani. Mama kuwa muuguzi, hospitali ya dayosisi imeshaanza kumpigia hesabu. Ataingia na kibali cha mumewe?

Karani wa Vibali
Hapana. Mke na watoto wanaingia kama wategemezi, na mtegemezi hafanyi kazi. Akitaka wodi anahitaji kibali chake mwenyewe, na juu ya hapo asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Leseni ya Minnesota haina nguvu hapa. Mwambieni ukweli huo kabla hajapanda ndege. Mtu aliyezoea zamu za hospitali akajikuta anakaa nyumbani kuchambua mchele, huyo ndiye wa kwanza kusema turudi kwetu.

Fundi Breka
Umeme. Marekani ni volti 120, saikeli 60. Sisi ni volti 230, saikeli 50. Ile adapta ya uwanja wa ndege inabadilisha umbo la pini tu, haishushi volti. Wasome kibandiko cha kila kifaa. Kikiandikwa 100–240V, 50/60Hz (chaja za simu na kompyuta karibu zote ziko hivi), kinahitaji adapta ya pini tatu bapa na basi. Kikiandikwa 120V peke yake, kibaki Minnesota. Hapo naongelea mashine ya kukaushia nywele, blenda, sufuria za umeme, blanketi za umeme.

Kuna watakaokuja na transfoma ya kushusha umeme. Ni zito, linakula nafasi ya begi, na bado halibadilishi saikeli. Mota ya saikeli 60 ukiiendesha kwa 50 inazunguka pungufu ya moja ya sita na inapata moto. Wanunue vifaa hapa, yaishe.

Shawa ya umeme: nyingi zinakula kilowati 5 hivi, maana yake zaidi ya ampea 20. Usiiunganishe kwenye laini ya soketi. Vuta waya wake wa milimita 4 toka kwenye boksi, breka yake peke yake, na hakikisha eathi ipo kweli, siyo waya umefungwa kwenye bomba la plastiki. Wageni hawajui kwamba ukipunguza maji ndipo yanakuwa ya moto, waonyesheni.

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nayo waelezeni polepole. Wamezoea bili mwisho wa mwezi, dhana ya umeme kuisha saa tatu usiku kama vocha haimo kichwani mwao. Tokeni ni tarakimu 20, namba ya mita ibandikwe ukutani. Laini za simu watasajili kwa pasi ya kusafiria na alama za vidole. Kabla hawajapata huduma ya pesa kwa simu, mtu mmoja wa kamati awe anawanunulia.

Mwalimu wa Lugha
Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Pelekeni familia shule ya lugha kabla ya kazi yoyote. Kuna shule ya KKKT pale Morogoro kwenye seminari ndogo, kuna Makoko kule Musoma ya Wakatoliki ambayo hupokea wa madhehebu mengine pia. Kozi kamili ni miezi mitatu hadi minne. Msikubali ile ya "wiki tatu zinatosha, mengine atajifunzia kazini". Kazini watu watamwonea huruma na kumwongelesha Kiingereza, na baada ya mwaka anajua "asante sana" na "pole pole".

Makosa ya Wamarekani yanatabirika, ninyi wenyeji muwe tayari kuyasahihisha bila kucheka sana:

Shikamoo. Akishaijifunza anampa kila mtu, mpaka mtoto wa darasa la pili. Mfundisheni kuangalia umri, na mfundisheni kuitikia marahaba. Wengi wanaona aibu kuitikia, wanahisi wanajikweza, matokeo yake mtoto anabaki amesimama na shikamoo yake haijapokelewa.

"Nataka". Kwao ni maneno ya kawaida dukani. Hapa "nataka chai" inasikika kama amri. "Naomba chai", "nipatie chai", tofauti ni kubwa.

"Pole". Wanadhani ni kuomba radhi. Ukijikwaa barabarani mwenyeji akakwambia pole, mgeni anashangaa: yeye kakosa nini? Na akikukanyaga mguu yeye mwenyewe atasema pole badala ya samahani.

Kuoa na kuolewa. Mama atasema "nimeoa" mbele ya umoja wa wanawake. Jiandaeni.

Ng'. Mwenye kushindwa ng' atasema anaishi Ng'ombe na amenunua njombe.

Saa. Hili linaharibu mipango halisi. Ibada saa tatu, yeye anahesabu saa tisa usiku au anakuja saa tisa alasiri. Wawe na saa moja ya ukutani jikoni iliyorudishwa nyuma saa sita, na kila miadi waitaje pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Na mkishamaliza Kiswahili msisahau kwamba wako Ubenani, kwa Wabena. "Kamwene" (salamu ya Kibena) ya kwanza atakayoitoa sokoni itafungua milango ambayo miezi minne ya sarufi haifungui.

Viazi Gunia
Mwalimu, Morogoro ni kupoteza hela. Waje moja kwa moja, wapewe mwalimu mstaafu hapa hapa, watoto wacheze na wenzao. Utamaduni wa Morogoro si wa Njombe.

Mwalimu wa Lugha
Watoto nakubali, kijana wa miaka 6 atamaliza kazi hiyo uwanjani. Wazazi hapana. Wakishafika kituoni kila mtu ana shida zake za kuwapelekea, mlango unagongwa toka saa moja asubuhi, hakuna wa kukaa na ngeli. Shuleni wanakosea mbele ya wageni wenzao, na hakuna anayewadai kitu. Mwalimu mstaafu aje baadaye, saa mbili kwa siku, mwaka mzima wa kwanza.

Faida nyingine: mkiwapeleka Morogoro toka Mei hadi Septemba, wanaikwepa baridi ile na dari inapata muda wa kukamilika.

Mhudumu wa Zahanati
Hapo kwenye Morogoro niongeze. Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, Morogoro sivyo. Familia ikisoma kwamba inakwenda Njombe itaacha dawa za kinga, kisha itakaa miezi minne bondeni. Wanywe kinga kipindi chote cha shule na waendelee baada ya kuondoka kwa muda ulioandikwa kwenye dawa yao, walale kwenye chandarua chenye dawa. Homa yoyote, kipimo siku hiyo hiyo, wasisubiri wakidhani ni uchovu wa safari. Mkubwa akikutwa na malaria, ALu (dawa mseto) ni vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, zinazofuata asubuhi na jioni, na ameze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Watoto ni kwa uzito, wasikadirie. Wanaoharibu ni wale wanaoacha siku ya pili kwa sababu homa imeshuka.

Maji: yachemke sawasawa kwa dakika 1, na kwa mwinuko wenu wa karibu mita 2,000 fanyeni dakika 3. Huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana maharage hayaivi. Mama atadhani maharage ni mabovu, kumbe anahitaji kuloweka usiku kucha na kutumia presha kuka. Chujio la mshumaa wa udongo lisuguliwe kwa brashi laini na maji tu, bila sabuni.

Mbwa. Watoto wa Kimarekani wanakimbilia mbwa kumkumbatia. Wachanjwe kichaa cha mbwa huko huko kwao. Wakiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, hata kama walichanjwa.

Mama Vitenge
Nimesoma yote, na bado hamjafika nyumbani kwenyewe. Mimi naongea mambo ya mlangoni.

Mmarekani akigongewa anafungua mlango nusu, anaongea na wewe umesimama nje, tena kwa tabasamu zuri kabisa. Kwake ameshakupokea. Kwetu amekufukuza. Wafundisheni: hodi ikipigwa jibu ni karibu, na karibu maana yake ingia ukae. Kama ndani wanataka faragha yao (na wanaihitaji, msiwanyang'anye), wekeni benchi refu barazani, chupa ya chai ya lita 3 na vikombe kumi na viwili. Mgeni akikaa barazani akanywa chai amepokelewa. Akiondoka asindikizwe, angalau mpaka barabarani. Wao humuaga mtu akiwa bado anatafuta kiatu.

Majina. Baba atasema "niite David tu". Hakuna mtu mzima Njombe atakayefanya hivyo, na akilazimisha watu wataacha kumwita kabisa. Wawe Baba fulani na Mama fulani kwa jina la binti yao. Na watoto wao waambiwe kwamba mkubwa haitwi kwa jina lake kavu.

"Ndiyo" ya hapa. Akimwalika mtu kwenye semina na mtu akajibu "tutaona" au "Mungu akipenda" huku anaangalia pembeni, jibu ni hapana. Amepewa kwa heshima. Mmisionari asiyejua hili huandaa viti 40, wanakuja 9, anawaita watu waongo.

Msiba. Ukitokea msiba jirani, semina imekufa, aende. Mama avae kitenge na kanga begani, akae chini na akina mama, achambue mchele, asiulize marehemu alikufa kwa nini. Baba akae na wanaume. Rambirambi ipitie kwa mwandishi wa daftari kama ya watu wengine, kiasi cha kawaida cha mtaa, muulizeni balozi wa nyumba kumi. Akitoa laki mbili amewaaibisha waliotoa elfu mbili.

Mnada wa Jumapili ni hivyo hivyo. Baada ya ibada sadaka za mazao zinanadiwa nje: mayai, kuku, kabichi, debe la mahindi. Mzungu akipandisha kabichi mpaka elfu hamsini kwa nia njema, Jumapili ijayo wengine wanakunja mikono, wanamwachia yeye. Apandishe kidogo kidogo, ashinde vitu viwili vitatu, kimoja akirudishe kinadiwe tena. Hapo watu watapiga vigelegele.

Ulanzi, pombe ya mianzi: msimu wa mvua ukifika watapelekewa. Uliogemwa leo, mtogwa, ni mtamu kama juisi. Uliokaa ukawa mkangafu unalewesha. Mchungaji wa usharika awaambie mapema msimamo wa kanisa ni upi, wasije wakabeba chupa kwenye kikao cha wazee.

Mjumbe wa Mapokezi
Mama Vitenge, na kuombwa? Maana wiki ya kwanza tu foleni ya ada itaanza.

Mama Vitenge
Itaanza siku ya kwanza. Wakitoa mkononi wamekwisha, wakikataa kila kitu wamekuwa watu wasio na utu. Familia itenge kiasi maalumu cha mwezi, ikipeleke kwenye kamati ya diakonia (huduma kwa wahitaji) ya usharika, na kila mwenye shida aelekezwe huko, ambako watu wanajuana nani ana shida na nani ana maneno. Wabaki na akiba ndogo ya dharura tu, kama nauli ya kumkimbiza mgonjwa. Neno la kutumia ni "sina uwezo huo kwa sasa", si "hapana" ya kukata kama kisu.

Na kamati nayo ijisafishe. Msiwape orodha ya miradi kabla hawajafungua mabegi.

Karani wa Vibali
Mtakapowatafutia dada wa kazi, mkataba uandikwe. Mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri atoe angalau nusu yake. Likizo yenye malipo siku 28 kwa mwaka, mapumziko ya saa 24 kwa wiki. Wageni hulipa vizuri lakini bila karatasi, siku wakiondoka wanakuta madai kwenye meza ya usuluhishi.

Mlezi wa Bweni
Watoto. Kijana wa miaka 6 anaweza kuanza shule ya hapo hapo, mwaka wetu unaanza Januari, kwa hiyo toka Septemba hadi Desemba awe chekechea au anacheza tu. Binti wa 11 ni mgumu zaidi: Kiswahili cha darasa la tano hakimsubiri. Njia ni tatu. Kufundishwa nyumbani kwa mtaala wa kwao, ambapo mzazi mmoja anakuwa mwalimu asubuhi nzima. Shule ya kimataifa ya Iringa, ambayo si ya kwenda na kurudi kila siku. Au baadaye bweni kama Rift Valley Academy kule Kijabe, Kenya, iliyoanza mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wamisionari. Huko wanasoma miezi mitatu hivi na kurudi nyumbani mwezi mmoja, mara tatu kwa mwaka.

Angalizo: kabla ya bweni, binti apate marafiki wawili wa kweli mtaani. Mtambulisheni kwenye kwaya ya watoto wiki ya kwanza. Na waambieni watu wazima waache kumshika nywele. Siku ya kwanza atacheka, mwezi wa pili hatatoka nje.

Mwezi wa tatu mpaka wa sita ndipo familia nzima inachoka kwa pamoja. Wanakuwa wakali kwa vitu vidogo: jogoo, spika za msikitini na za kanisani, foleni ya benki. Siyo dharau, msiite kikao. Wapeni wikendi moja waende Iringa au Matema wakalale bila kuamkiwa na mtu.

Viazi Gunia
Haya, Morogoro nimekubali. Ila kuwatoa Dar mpaka Njombe siku moja baada ya ndege msithubutu, ni kilomita 700 hivi. Walale Morogoro, na kwa kuwa shule iko hapo hapo, wabaki.

Fundi Breka
Mjumbe, kitanda umepima? Godoro la hapa la futi 5 kwa 6 lina urefu wa inchi 72. Lao la kawaida lina upana ule ule lakini urefu ni inchi 80. Watakuja na mashuka yasiyokaa, na baba akiwa mrefu miguu inaning'inia. Agiza kwa seremala kitanda cha futi 5 kwa 6 na inchi 8, na godoro likatwe kiwandani kwa kipimo hicho. Chandarua nacho kiwe cha saizi hiyo, kile cha kawaida kitaacha miguu nje.

Mjumbe wa Mapokezi
Nimeandika. Barua ya Daraja D inaandikwa upya maana tulijaza C. Fundi wa dari anaanza Jumatatu, seremala nimempa inchi 80. Pilau tumeihamishia Septemba.